Na Masikio Yake Uyaandike

Magwagwa
11 Machi 1973

Kwa shemeji Mogire,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku tunaendelea. Mvua imeanza na chai inachipuka kuliko mikono ya kuichuma. Mama yako bado analalamikia goti, lakini Sabato iliyopita alitembea mwenyewe mpaka kanisani. Kaka yako Machogu ni mzima. Hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Univumilie Kiswahili changu. Ekegusii nikikiandika mnanicheka, na Kijaluo cha kwetu wewe hukijui.

Jambo lenyewe ni Bitutu. Tangu urudi kutoka Uswidi hujamwona binti yetu. Mwaka jana shingo yake ilianza kuvimba chini ya taya, kushoto na kulia. Sasa ni kama ameficha viazi viwili. Haumwi. Anakula, anacheza, jioni mwili unapata joto kidogo. Mimi ni mshona nguo, na kola ya gauni lake nimeifumua mara mbili ili imtoshe.

Hospitali ya misheni walimtazama kwa macho wakasema ni TB ya tezi. Hawakupima kitu. Anachomwa sindano tangu Agosti na uvimbe haujapungua. Nikiuliza, daktari anasema, "Mama, vumilia." Nimevumilia.

Shemeji, kazi yako ni kutazama magonjwa kwa hadubini. Unawatazamia watu wa Nairobi usiowajua hata majina. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza hukujibu, na siwezi kuamini kwamba posta ilizipoteza zote.

Mimi shemeji yako,
Benter


Nairobi
2 Aprili 1973

Mama Bitutu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi ni mzima. Nairobi ni baridi na kazi ni nyingi.

Barua zako zote zilifika. Sikujibu kwa sababu Machogu aliniambia nisikanyage boma lake tena, nami nilikasirika nikaapa kutii. Unajua chanzo chake. Baba alipofariki nilikuwa Uswidi, sikuja kumzika. Machogu aliacha shule ili mimi nisome, halafu akamzika baba peke yake. Ana haki ya kukasirika na mimi. Hana haki ya kumkasirikia mtoto wake mwenyewe mpaka asitazamwe.

Nitakuja sikukuu ya Pasaka. Sitafika kwenu. Mlete Bitutu Kebirigo, kwenye duka la dawa la rafiki yangu Ishmael. Nitatumia sindano nyembamba, nyembamba kuliko ile anayochomwa. Nitaichomeka kwenye tezi na kuvuta maji kidogo sana, kiasi cha tone. Ndani ya tone hilo mna seli, yaani chembe ambazo mwili umejengwa nazo. Nitazipaka kwenye kioo, nizikaushe, niende nazo Nairobi, nizitie rangi, nizitazame. Hakuna kupasua. Kule Uswidi ni jambo la kila siku. Hapa wakubwa wangu wanaliona kama mchezo.

Mogire


Magwagwa
3 Juni 1973

Shemeji,

Salamu. Mama yako hajambo. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Pasaka ilipita. Bitutu alikaa kimya kwenye kiti cha Ishmael, ukamchoma pande zote mbili, hakulia. Ulimsifu ukampa peremende. Ukaniambia, "Wiki mbili, mama, utapata jibu." Ukapanda gari.

Mwezi wa Mei umekwisha wote. Kila siku ya posta naenda dukani kuuliza, na sasa mwenye duka akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua kinywa. Machogu amejua. Kuna mtu alituona Kebirigo akamwambia. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Umempelekea mtu ambaye hakumzika baba yake akuangalizie mtoto?" Tangu hapo tunakula bila kuzungumza.

Mama yako naye anawaambia wanawake wa kanisa kwamba ugonjwa huu umetoka ziwani, kwetu, kwamba kwa Wagusii haujaonekana shingo ya namna hii. Nimeolewa hapa mwaka wa tisa, na bado kila kibaya kimetoka ziwani.

Na sindano za misheni zinaendelea. Ulichokiona kwenye vioo, kiseme.

Benter


Nairobi
20 Juni 1973

Mama Bitutu,

Salamu kwa wote. Hongereni kwa ndama.

Sijaona TB. Sindano za misheni zikome leo. Usingoje daktari akubali, usimpeleke tu.

Mengine bado tunayatazama. Nikipata la hakika nitaandika.

Mogire


Magwagwa
16 Julai 1973

Mogire,

Leo sina salamu.

Nilifanya ulivyosema, sikumpeleka mtoto. Daktari wa misheni akamtuma mtu atuite. Nikaenda na Machogu. Akatukalisha, akasema Nairobi wamempigia simu, tena ni mkuu wa maabara yako mwenyewe. Akasema Bitutu ana saratani ya tezi. Akasema alazwe, aanze dawa kali za kuua saratani, zitamtoa nywele na kumaliza damu, na hata hivyo tusitumaini sana.

Kumbe ulikuwa unajua. Ulipoandika "mengine bado tunayatazama", ulikuwa unajua. Ulinipa mistari mitatu na hongera ya ndama. Nimelisikia neno hilo kutoka kwa mtu yule yule aliyemchoma mwanangu sindano za TB bila kumtazama, na akalitamka kwa uso ule ule.

Machogu alipofika nyumbani alimtoa Bitutu shuleni. Akasema asichoshwe bure. Mama yako ameanza kumpa vipande vikubwa vya nyama, na kila anayepita njiani anaingia kumtazama kama watu wanavyotazama ng'ombe aliyeuzwa. Mtoto ana miaka minane. Anaona.

Wanataka alazwe wiki ijayo. Machogu amekubali. Mimi sijakubali wala sijakataa, nakungoja wewe. Ukiniandikia tena kwamba mnatazama, basi usiniandikie kabisa.

Benter


Nairobi
20 Julai 1973

Mama Bitutu,

Nampa barua hii Jeconia, dereva wa basi la Kisii, akufikishie mkononi. Asiipokee mtu mwingine.

Ni kweli nilikuficha. Mkuu wangu alitazama vioo, akaona seli kubwa zisizo za kawaida, akasema saratani. Mimi nilikataa. Tuligombana mbele ya wanafunzi. Aliniambia kwamba ujanja wa sindano niliouleta kutoka Ulaya unawafaa watu wanaopenda kubahatisha, na kwamba nina damu moja na mgonjwa kwa hiyo macho yangu hayaaminiki. Sikujua kwamba angempigia simu daktari wa misheni bila kuniambia. Nimemwuliza leo kwa nini. Akasema, "Nilikuwa natimiza wajibu." Nilitoka kabla sijafanya jambo la kufukuzwa kazi.

Sasa nikuambie nilichoona, halafu uamue. Seli zile ni kubwa kweli, pana, zina rangi hafifu. Lakini ndani yake mna seli ndogo za kawaida za tezi, nzima, hazijaharibika. Ile kubwa imezimeza ndogo bila kuzisaga, kama nyumba yenye wageni. Seli ya saratani haikai hivyo. Miaka minne iliyopita madaktari huko Amerika waliandika juu ya ugonjwa wa watoto wenye shingo zilizovimba pande mbili, wasiosikia maumivu, na seli za namna hii hii. Ni ugonjwa wa nadra. Walioandikwa ni wachache, na baadhi yao ni watoto Waafrika. Wengi walipona bila dawa yoyote. Uvimbe huchukua miezi, hata miaka, halafu hunywea wenyewe.

Nimetuma vioo Uswidi kwa mwalimu wangu. Jibu litachelewa. Siwezi kukuambia kwamba nina hakika, maana nikikosea mtoto atakufa kwa neno langu. Ndiyo sababu niliandika mistari mitatu.

Lakini umeniuliza. Angekuwa wangu, asingepewa dawa zile.

Mogire


Kendu Bay
9 Septemba 1973

Shemeji,

Nakusalimu kutoka kwa mama yangu mzazi. Jeconia alinikabidhi barua dukani, nikaisoma nimesimama. Siku iliyofuata nilifunga cherehani yangu kwa shuka, nikamchukua Bitutu, tukaja huku ziwani. Machogu hakunifuata. Hajaandika. Daktari wa misheni amewaambia watu wa kanisa kwamba namwua mtoto kwa ukaidi.

Uvimbe ni ule ule, labda umezidi. Kila asubuhi naushika kabla sijasema hata sala. Anakula samaki, anakimbia, amenenepa mashavu mpaka shingo haionekani kuwa ngeni sana.

Kuna lingine. Hukuliuliza na mimi sikulisema. Bitutu hasikii. Lilianza mwezi wa Januari, masikio yakivuma, akiniuliza nani anapuliza filimbi. Nilimwambia daktari. Akasema, "Ni nta, atasafishwa." Halafu akaanza kuitikia vibaya, halafu akaacha kuitikia. Mwalimu alimchapa kwa ukaidi. Baba yake alimchapa kwa ukaidi. Mimi nilisema ni uvimbe unaoziba, ukiisha atasikia. Nililisema hilo mpaka nikaliamini.

Jana mama yangu aliita jina lake akiwa karibu naye kama nilivyo karibu na karatasi hii. Mtoto aliendelea kuosha vikombe. Mama akanigeukia, akaniambia kwa Kijaluo, "Huyu si mkaidi, na wewe si mjinga."

Wewe ni daktari. Je, ni uvimbe? Nijibu sasa hivi, na usinitafutie maneno laini.

Benter


Nairobi
18 Novemba 1973

Mama Bitutu,

Salamu kwako na kwa mama yako, ambaye sijamjua lakini namheshimu. Univumilie kuchelewa kujibu.

Si uvimbe. Ni sindano. Dawa ile ya TB huokoa watu wengi, lakini inaweza kuua neva za sikio, na zikifa hazirudi. Kila anayeitoa anajua. Masikio yakianza kuvuma, anapaswa kusimama na kufikiri.

Nami nilijua tangu Pasaka. Nilipokuwa nanawa mikono dukani kwa Ishmael niliangusha sinia ya bati nyuma ya mtoto. Ishmael alishtuka, wewe ulishtuka. Bitutu hakugeuka. Nilikutazama, ukaangalia dirishani. Nikadhani unajua na hutaki kuambiwa. Ndiyo maana niliandika sindano zikome leo.

Jibu la Uswidi limefika. Mwalimu wangu anasema ni ugonjwa ule ule walioandika madaktari wa Amerika, si saratani. Mkuu wangu aliisoma barua, akavitazama tena vioo kwa muda mrefu, akasema, "Inawezekana."

Ijumaa nilikwenda misheni. Yule daktari alinikaribisha chai. Nilimwuliza kama aliona mdudu wa TB kwa Bitutu hata mara moja. Akasema, "Kwa nchi hii, kila shingo iliyovimba ni TB mpaka ithibitishwe vinginevyo." Nikamwuliza nani alipaswa kuthibitisha. Akasema ana wagonjwa wengi kuliko vitanda. Nikamwuliza habari za filimbi aliyoisikia mtoto. Akanisogezea sukari. Chai yake sikuinywa.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Machogu. Ndiyo, nilikanyaga boma lake. Alisimama mlangoni na panga la kukatia majani. Nikamwambia, "Binti yako hana saratani, na hasikii, na ulimchapa." Alikaa chini palepale kwenye umande. Sikumwinua. Nilikuwa na hasira hata na yeye.

Mogire


Magwagwa
23 Juni 1974

Shemeji,

Salamu. Mama yako hajambo, goti limemwacha, sasa ni mgongo. Chai imechumwa vizuri.

Tulirudi Januari. Machogu alikuja mwenyewe Kendu, akamsalimia mama yangu kwa heshima, akambeba Bitutu mpaka stendi ingawa mtoto ana miguu. Sijamsamehe lote. Anajua. Amejifunza kusimama mbele ya mtoto kabla ya kusema naye, na hilo nimeliona.

Uvimbe ulianza kunywea Februari. Upande wa kushoto umeisha kabisa, wa kulia umebaki kama kunde. Hakunywa dawa yoyote.

Kanisani mzee wa kanisa aliniita nitoe shukrani kwa kuponywa kwa mtoto. Nilisimama. Nikasema Mungu ashukuriwe, kwa sababu ugonjwa haukuwa na nia ya kumwua. Nikasema lakini kilichomwumiza hakikuwa ugonjwa, na kilicho sikioni hakijapona wala hakitapona, kwa hiyo wasiimbe wimbo wa shangwe kwa niaba yangu. Nikakaa. Mama yako alinishika mkono mpaka mwisho wa ibada. Hajawahi kunishika mkono.

Sasa barua yako ya Mei. Unaomba ruhusa yetu kuandika habari za Bitutu kwenye jarida la madaktari, kwa kuwa hapa kwetu hakuna aliyewahi kuandika kwamba ugonjwa huu ulijulikana kwa sindano tu bila kupasua. Umeandika kwa furaha nyingi. Ilinichukua siku kadhaa kuweza kuijibu.

Ruhusa unayo, kwa sharti. Usiandike shingo tu. Na masikio yake uyaandike. Andika kwamba alichomwa dawa miezi mingi kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona, kwamba alisema anasikia filimbi na akaambiwa ni nta. Wakubwa wako wakifuta sehemu hiyo, umfute na mtoto. Bitutu si shingo.

Benter


Nairobi
10 Novemba 1974

Mama Bitutu,

Salamu kwa Machogu, mama na Bitutu. Machogu aliniandikia mwezi uliopita, kurasa mbili, habari za chai tupu. Nimezisoma mara nyingi.

Nilipeleka makala kama ulivyosema. Wahariri walipenda seli. Walisema picha ni nzuri mno. Kisha wakaomba niondoe aya ya masikio, kwamba haihusiani na mada, na kwamba inawafedhehesha wenzetu wa misheni wanaojitolea. Mkuu wangu alinishauri nikubali. Alisema nina maisha marefu mbele yangu.

Nimeiondoa makala yote. Iko kwenye droo yangu. Nimetimiza neno lako.

Mogire


Magwagwa
8 Desemba 1974

Shemeji yangu,

Nakusalimu. Sote wazima. Bitutu anakaa dawati la mbele, anasoma midomo ya mwalimu, na mwalimu akigeukia ubao anagonga meza ili ageuke tena kwake. Wiki iliyopita alirudishwa nyumbani kwa kosa hilo la kugonga meza. Machogu akaacha chai, akampeleka shuleni mwenyewe, akabaki kule mpaka mwalimu akaelewa.

Umetimiza neno langu, nakushukuru. Pia nimekasirika, na nitakuambia kwa nini.

Juma lililopita Ishmael aliniletea habari kwamba Angwenyi wa Kebirigo ana mtoto wa kiume mwenye shingo iliyovimba. Ameanza sindano za misheni. Hawajampima. Nilikwenda. Nikawaambia wamwombe daktari atazame kwanza kilicho ndani, na wamwulize mtoto kila siku kama masikio yanavuma. Pengine yake ni TB kweli na sindano ndiyo dawa yake, mimi sijui, ndiyo sababu nataka atazamwe. Angwenyi alinisikiliza kwa adabu. Halafu akaniuliza, "Mama, haya yameandikwa wapi?"

Nikasema hayajaandikwa.

Akasema, "Daktari amesoma. Wewe unashona nguo." Hakuninena vibaya, Mogire. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Yanayopaswa kuwa mikononi mwa Angwenyi umeyafungia kwenye droo, na heshima yako iko humo pamoja nayo. Nilisema usiandike nusu. Sikusema unyamaze. Wale wakikataa, kuna wengine. Peleka Kampala. Peleka kwa mwalimu wako Uswidi. Wakikataa wote, andika kwa Kiswahili, mimi nitaigawa sokoni pamoja na nguo.

Lakini kwanza njoo na sindano yako. Mtoto wa Angwenyi anaitwa Nyangau, anachomwa kila siku ya kazi, na jana nilipomwuliza kama anasikia kitu kinavuma, alifikiri kidogo, akasema bado.

Benter